Jina la Machogu Kwenye Santuri

Kebirigo, Nyamira
Jumapili, 3 Septemba 1972

Kwa Bwana Odero, mkubwa wa bendi ya Daraja Mbili Jazz, Kisii Mjini

Bwana Odero,

Wewe ni mtu mzima na nilidhani una adabu. Nani alikupa ruhusa ya kumfufua mume wangu na kumweka kwenye redio?

Sina salamu leo. Salamu utazipata ukishanijibu.

Mimi ni Nyamoita, bibi yake Ratemo, huyo mjukuu wangu anayekupigia gita. Tumeonana mara moja tu, kwenye arusi ya Nyamusi kule Kiogoro, ulipokula viazi vyangu ukaomba tena. Naandika kwa mkono wangu. Shule niliyosoma ni darasa la ubatizo peke yake, lakini Kiswahili nilikipata Kericho, kwenye chai ya wazungu, nikiwapikia watu wa kila kabila. Basi usiniandikie kama unaandikia mtoto.

Leo nilikuwa kwa jirani yangu Okemwa, mwenye redio, nikinywa chai yangu polepole. Mtangazaji akasema, sasa tumsikilize Machogu na wenzake. Kikombe kilinitoka mkononi. Machogu ni mume wangu. Alikufa mwaka wa 1961, nikamzika nyuma ya migomba, na mpaka leo hajaniomba ruhusa ya kwenda Nairobi kurekodi.

Ikalia obokano, kile kinanda chetu kikubwa cha nyuzi nane za mishipa ya ng'ombe. Wimbo ni wake kweli, aliutunga akinichumbia. Na wimbo sina ugomvi nao. Ratemo aliniambia mapema kwamba kuna santuri ya obokano inakuja, na kwamba ni kazi ya bendi. Nikasema vizuri. Lakini jina hakunitajia.

Wewe ni Mjaluo, labda hukuambiwa. Sisi jina la marehemu hatulitupi ovyo, linangoja mtoto. Nyaboke, mke wa Ratemo, ana mimba yake ya kwanza, amebakisha wiki chache. Akizaa mvulana, huyo ni Machogu. Miaka kumi na mmoja nimeliweka jina hilo kama mbegu kwenye dari, juu ya moshi, lisiliwe na wadudu. Sasa wewe umelishusha ukalibandika kwenye santuri, na kila mwenye redio na betri analitafuna. Mtoto akija apewe nini, makombo?

Jana tu tulikuwa kanisani tukitulia. Leo Mzee Jethro, mzee wa kanisa letu la Sabato, amenisimamisha njiani kuniuliza kama ufufuo umeanza na sisi tumeachwa.

Kazi ni ya bendi, bendi ni yako. Futa hilo jina.

Mimi,
Nyamoita, mjane wa Machogu

Barua hii inaletwa na Drusilla, anayeuza ndizi soko la Daraja Mbili siku ya Jumatatu na Alhamisi. Jibu mpe yeye. Usimwambie neno lingine lolote, ana mdomo.


Kisii Mjini
Alhamisi, 7 Septemba 1972

Mama Nyamoita,

Pokea salamu zangu hata kama zako umeziweka. Viazi vya Kiogoro navikumbuka mpaka leo, na ninakushukuru tena.

Mama, hiyo santuri siijui. Barua yako ndiyo iliyoniambia kwamba ipo. Niliisoma mara mbili, nikaenda dukani, nikaisikiliza mara tatu nimesimama. Ni Ratemo. Hata kwenye mishipa ya ng'ombe vidole ni vyake: anachelewa kidogo, halafu anaingia kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha. Mimi ndiye niliyemfundisha kuingia hivyo.

Bendi yetu ina sheria moja ambayo kila mtu alitia sahihi. Asiyeomba ruhusa asirekodi nje. Mtu akipiga huku na huku, mwishowe Jumamosi unapanda jukwaani na tarumbeta peke yake. Kwa hiyo jana nilimwambia Ratemo aache gita la bendi kwenye sanduku lake, aende nyumbani mpaka niamue. Hakubisha. Alilipangusa, akalifunga, akaondoka.

Mimi si mtu mkali, Mama. Tarehe ishirini Oktoba tunapiga uwanjani, Siku ya Kenyatta, mbele ya mji mzima, na sasa sina gita. Naumia pia. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba wimbo ni mzuri.

Jambo moja naomba unisaidie. Kwenye hiyo santuri kuna mwanamke anayemjibu mwimbaji. Sauti yake inakwaruza kidogo, lakini inakaa juu ya nyuzi zote nane bila kuchoka. Nilimuuliza Ratemo ni nani, akatazama viatu vyake. Wewe unamjua?

Nashukuru kwa kunifumbua macho.

Odero


Kebirigo
Jumapili, 10 Septemba 1972

Bwana Odero,

Usinishukuru. Nilikuomba ufute jina, sikukuomba ufute mtoto.

Ratemo amefika. Amekaa kwenye kigoda cha babu yake tangu Alhamisi, anakula ndizi zangu na kutazama ukuta. Nyaboke naye anamtazama yeye. Mimi nawatazama wote wawili na najua mdomo wangu ndio uliofanya haya, lakini hilo nimekuambia wewe, wao sijawaambia, na ukimwonyesha mtu barua hii nitakuja mjini.

Nimemhoji. Alianza na kichwa chini, nikamwambia inua kichwa, mume wangu, mimi si polisi. Hata nyinyi Wajaluo bibi humwita mjukuu mume, kwa hiyo usishangae. Akaniambia yote. Si kazi ya bendi. Alinidanganya, na kwa hilo amepasua kuni siku mbili. Obokano ya babu yake aliibeba ndani ya gunia la mahindi mpaka Nairobi, akarekodi na rafiki zake wawili wa kugonga debe na kutikisa kibuyu. Jina la Machogu aliliweka ili wewe usijue. Nilipomwambia kwamba hilo ni jina la mwanawe, alisema, Magokoro, yaani bibi, wimbo ni wake babu, ningeandika nani?

Hapo nikamrudisha kwenye kuni.

Sasa wewe. Anasema alikuomba mara tatu mweke obokano kwenye bendi. Mara ya kwanza ulicheka. Mara ya pili ulisema watu wamekuja kucheza rumba, hawakuja matanga. Mara ya tatu ulisema kinanda cha mishipa kinanuka mbele ya watu wenye tai. Ni kweli ulisema hivyo? Kinanuka, ndiyo, kama ng'ombe aliyekitengeneza. Gita lako linanuka nini?

Na nikuulize jambo lingine, kwa kuwa unapenda sheria. Wewe mwenyewe hujawahi kupiga nje ya bendi yako, kwa siri, hata mara moja?

Mrudishe mtoto. Jina tutagombania baadaye.

Nyamoita


Kebirigo
Jumatano, 13 Septemba 1972

Mwalimu Odero,

Magokoro amesimama nyuma yangu, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Nilikosa. Sikuomba ruhusa kwa sababu nilijua utakataa, na nilijua pia kwamba nisipoupiga wimbo huu nitausahau, maana nikifika mjini vidole vyangu vinajua gita tu. Babu alinifundisha nikiwa na miaka tisa, nimekaa mbele yake, mikono yake juu ya yangu. Hakuna mwingine hapa Kebirigo anayeujua. Sikutaka kuiacha bendi. Nilitaka vyote viwili.

Naomba nirudi. Sina maneno mengine.

Ratemo

Mimi Nyamoita naongeza. Maneno mengine anayo, nimeona uso wake, lakini ameyameza. Nitayatoa.


Kisii Mjini
Alhamisi, 14 Septemba 1972

Mama Nyamoita,

Nimepata barua mbili na nazijibu kwa moja.

Ni kweli nilicheka. Ni kweli nilisema habari za matanga. Kuhusu harufu nilisema, na sasa najuta. Mama yangu, Nereah, yuko Kendu Bay, na angenisikia angenipiga kwa kiko chake.

Lakini sheria ni sheria. Nikimrudisha Ratemo bila neno, kesho Ongeri wa tarumbeta atakwenda kupiga kwa wengine, keshokutwa mpiga dramu, na mimi nitabaki nikihesabu moja mbili tatu nne mbele ya viti vitupu. Watu wa hoteli tunakopigia tayari wananisumbua. Jumamosi walikataa kucheza mpaka tupige wimbo wa Machogu. Ongeri akajaribu kwa tarumbeta. Mama, ilikuwa kama ng'ombe anayetafuta ndama wake. Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti.

Nipe muda.

Kuhusu yule mwanamke mwenye sauti hukunijibu. Mtu asiyejibu huwa na sababu.

Odero


Kebirigo
Jumapili, 17 Septemba 1972

Odero,

Leo sikuiti Bwana. Umenijibu kucheka, umenijibu matanga, umenijibu harufu. Swali langu la mwisho umelipita kama mtu anayepita kwa mdai wake. Nami sasa najua kwa nini.

Asubuhi hii nilimpeleka Ratemo kwa Okemwa apate hewa. Redio ilikuwa kwenye nyimbo za dini. Ikaingia kodiani, kinanda cha kukunjua na kukunja, na nyuma yake sauti ya mama mzee inaimba Kijaluo, tamu, inatetemeka kidogo mwisho wa kila mstari. Mtangazaji akasema hao ni Wana wa Nereah. Mimi sijui Kijaluo. Lakini nilimwona Ratemo ameshika uji hewani, haunywi, hauteremshi. Nikasema, unamjua huyo wa kodiani. Akasema, Magokoro, kunywa chai. Nikasema, unamjua. Akasema, siwezi kusema.

Nikatoa barua yako mfukoni nikasoma pale pale: mama yangu, Nereah, yuko Kendu Bay.

Okemwa alicheka mpaka akazima redio kwa bahati mbaya.

Sasa nisikilize vizuri. Huyu mtoto alijua tangu mwaka jana. Alizijua pumzi za kodiani yako siku ya kwanza tu, kama wewe ulivyozijua nyuzi zake. Hakumwambia Ongeri, hakumwambia mkewe. Ulipomfukuza angeweza kusema, na wewe je? Hakusema. Alilifunga gita akaja kula ndizi zangu. Barua aliyokuandikia Jumatano, maneno aliyoyameza ndiyo hayo.

Wewe la kwake ulilijua leo, kesho yake ukamtuma nyumbani. Yeye la kwako alikaa nalo mwaka mzima.

Niambie nani kati yenu anaifaa hiyo bendi.

Nyamoita


Kisii Mjini
Alhamisi, 21 Septemba 1972

Mama,

Nimesoma barua yako nimekaa, halafu nikasimama, halafu nikakaa tena.

Ni mimi. Kila mwezi nikiwaambia vijana nakwenda Kisumu kutafuta nyuzi na betri, nakwenda Kendu Bay. Nampigia mama kodiani na yeye anaimba nyimbo za kanisa alizojifunza akiwa msichana. Mwaka jana nikampeleka kwenye mashine ya kurekodi. Alivaa viatu siku hiyo, na mama yangu havai viatu. Niliona haya kuwaambia vijana. Mtu wa rumba, anayevaa miwani myeusi ndani ya hoteli, anampigia mama yake nyimbo za Jumapili. Nikaandika jina la mama ili langu lisionekane. Sasa naona nilifanya alichofanya Ratemo, tofauti ni kwamba mimi sikuwa na mtu wa kunifukuza.

Jana niliita mkutano. Nikawaambia yangu kwanza. Nikasema, aliyewahi kupiga nje kwa siri ainue mkono. Mama, iliinuka mikono yote. Ongeri anafundisha tarumbeta bendi ya chama cha ushirika Nyamarambe. Mpiga dramu hupiga ngoma misa ya Kikatoliki, akiwaambia wenzake anamwona daktari wa meno. Wa besi ana kikundi chake Kenyenya na amekipa jina langu, ili watu wafikiri nimempa baraka. Tulicheka mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kama tumepata wazimu.

Sheria ya zamani tumeichana. Mpya ni hii: piga popote, na yeyote, lakini sema. Na ukirudi lete ulichokipata tukisikie.

Ratemo arudi. Gita lake limo kwenye sanduku kama alivyolifunga, sikumpa mtu. Aje na obokano, bila gunia. Tarehe ishirini nataka uwanja wote uisikie, inuke au isinuke.

Jina sijui nifanye nini. Santuri zimeshatoka. Nikipiga simu Nairobi watanicheka. Uamuzi ni wako, nami nitautii.

Nimesema yangu yote, Dani, na hivyo ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Sasa sema yako. Yule mwanamke ni nani?

Odero


Kebirigo
Jumapili, 8 Oktoba 1972

Mwanangu Odero,

Umeona, salamu zako zimefika. Pokea zote kwa pamoja, za wiki tano.

Umeniuliza mara tatu na nimekupita mara mbili, kwa hiyo na mimi si bora kuliko wewe, lakini usilirudie hilo mbele ya watu. Ni mimi. Mwezi wa Juni niliaga kanisani kwamba nakwenda Nairobi kutazamwa macho. Macho yangu hayana kitu, naona kuku wa jirani akiingia shambani kwangu kutoka kwenye kilima kile. Nilikwenda kuimba. Wimbo ule una sehemu mbili. Machogu anaimba kwamba ng'ombe wake walipotea, ndiyo maana waliingia kwenye shamba langu la wimbi. Msichana anamjibu kwamba ng'ombe hawakupotea, ni yeye aliyewafungulia ili aje kuwatafuta. Hiyo sehemu ni yangu, niliitunga siku ile ile nikimfukuza na ungo. Nani mwingine angeiimba? Ratemo alinipanga mbele ya kile chuma cha kuimbia, akasema, Magokoro, usipige kelele. Nilipiga. Wakasema ni vizuri zaidi.

Mimi ndiye kiongozi wa kwaya ya akina mama kwa miaka ishirini na mbili, na nilificha kama mwizi wa ndizi. Baada ya barua yako nilisema basi, Mjaluo amesema mbele ya watu wake, mimi ninangoja nini. Sabato iliyofuata nikasimama. Nikasema, anayejibu kwenye redio ni mimi, wimbo ni wa mume wangu wa ndoa, na hakuna dhambi ndani yake ila ng'ombe kula wimbi. Mzee Jethro alitazama dari. Wakanipumzisha Sabato tatu, wakampa Esnah kuongoza.

Esnah ni mtu mwema. Lakini anaanza juu. Sabato ya kwanza walipanda mpaka wakakosa pa kupumulia, wakaimba beti mbili wakakaa. Jana, Sabato ya pili, Mzee Jethro akaja kwenye benchi yangu ya nyuma kabla ya maombi, akasema kwa sauti ya chini, Mama Nyamoita, macho yako yamepona? Nikasema yamepona kabisa. Akasema, basi njoo mbele. Tulipotoka nje akaniuliza santuri inapatikana duka gani.

Sasa habari kubwa. Nyaboke amejifungua Jumanne, saa nne asubuhi, mvulana, mzito kama mkungu. Ratemo alikuwa uani anabadilisha nyuzi za obokano, akaziacha zikining'inia akakimbia kuingia, na mimi nikamrudisha nje kwa ufagio. Nilikaa na yule mtoto siku nne bila kumpa jina. Nilimtazama. Kila nikitaka kusema Machogu naona kile kitu cheusi kinachozunguka, nakasirika upya. Nyaboke akachoka. Akasema, Magokoro, mtoto ana siku nne na bado anaitwa huyu.

Nikamtuma Okemwa alete gramafoni yake. Nikasema tuweke, nimsikie huyo mwenye jina mwenyewe, nimuulize. Ikaanza. Mtoto alikuwa analia, na sitakuambia kwamba alinyamaza, kwa sababu hakunyamaza. Aliongeza. Alilia juu ya nyuzi zote nane, akachelewa kidogo, akaingia kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha. Ratemo alinitazama, nikamtazama. Nikasema, haya, ni yeye.

Kwa hiyo uamuzi ni huu. Usipige simu Nairobi. Santuri imetangulia kuja duniani, basi ni mkubwa, na huyu ni mdogo wake. Wote wawili ni Machogu. Jina halikuwa makombo, nilikosea. Lilikuwa limetumwa mbele kutangaza.

Ratemo alikuwa akingoja mtoto azaliwe, sasa anarudi kesho na Drusilla. Tarehe ishirini ni Ijumaa, na jua likishazama Ijumaa sitaki kusikia mjukuu wangu yuko jukwaani. Pigeni mchana. Watu wana miguu hata mchana.

Lakini kabla ya hiyo tarehe, Jumapili ijayo, tarehe kumi na tano, bendi yote ije hapa kumwona mtoto. Si Jumamosi. Yule wa meno aje na dramu yake. Wa besi aje na jina lake mwenyewe. Ongeri aje, lakini tarumbeta aishike tu mpaka nimwambie.

Na wewe nenda Kendu Bay umchukue mama yako. Mwambie Nyamoita wa Kebirigo amemsikia na anataka kusimama karibu naye. Yeye aimbe yake, mimi nijibu, lugha tutaelewana, tumezaa sote. Mwekee kiti cha mbele kwenye gari na avae viatu au asivae, apendavyo. Mkifika kwenye kituo cha chai, pale barabara inapoteremka kuja kwangu, simamisheni gari, shukeni wote, toa kodiani yako mbele ya watu na uvue hiyo miwani. Muanze kupiga hapo hapo, mje kwa miguu mkipiga, mpaka mlangoni kwangu.

Nyamoita, bibi yenu